Ununuzi wa rada ya Tanzania kutoka BAE Systems

Ununuzi wa rada ya Tanzania kutoka BAE Systems ni biashara iliyofanyika kati ya Serikali ya Tanzania na kampuni ya Uingereza ambayo ni mojawapo ya makampuni makubwa ya vifaa vya ulinzi duniani. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1999 kwa bei ya pauni milioni 28 hivi, yaani takriban dola milioni 40 za Marekani. Baadaye biashara hiyo ilichunguzwa kwa tuhuma za rushwa, na nchini Tanzania inajulikana kama kashfa ya rada.

Soko la vifaa vya ulinzi

Soko hili halifanani na soko la kawaida kama lile la Kariakoo, ambako mnunuzi hupita duka hadi duka akilinganisha bei. Kwa silaha na mitambo mikubwa mnunuzi huwa ni serikali, wauzaji ni wachache, na bei mara nyingi hufichwa kwa sababu za usalama. Baada ya Vita Baridi kwisha, nchi nyingi za Ulaya zilipunguza matumizi ya kijeshi. Makampuni yaliungana na kutafuta wateja ng'ambo. BAE Systems yenyewe ilianzishwa Novemba 1999 kwa kuunganisha British Aerospace na Marconi Electronic Systems. Biashara ya rada iliingia katika kundi hilo kwa njia ya Siemens Plessey, iliyonunuliwa na British Aerospace mwaka 1998.

Katika nchi ngeni kampuni hutumia wakala anayewafahamu watu wa serikalini. Wakala hulipwa kamisheni, na ndipo hatari ya rushwa inapoanzia. Mkataba ulio mdogo kwa kampuni unaweza kuwa mzigo mzito kwa nchi maskini.

Mabishano kuhusu bei

Rada iliyouzwa ni ya aina ya Watchman, na ilikusudiwa kutumika kwa shughuli za kijeshi na za kiraia. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika mpango wa kusamehewa madeni wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na ilifikia hatua ya mwisho ya mpango huo Novemba 2001. Mwezi uliofuata Serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kusafirisha rada.

Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza kulikuwa na mvutano. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, Clare Short, alipinga, lakini Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono. Benki ya Dunia ililalamikia gharama. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilieleza kwamba mtambo ulikuwa ghali mno na haukufaa ipasavyo kwa usafiri wa anga wa kiraia.

Uchunguzi na hukumu

Uchunguzi ulifanywa na ofisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya udanganyifu (SFO). Kwa upande wa Tanzania ulifanywa na TAKUKURU, ambayo wakati huo makao yake makuu yalikuwa Upanga, Dar es Salaam. Ilionekana kwamba kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 wakala alilipwa takriban dola milioni 12.4, karibu theluthi moja ya bei ya rada.

Aprili 2008 Waziri wa Miundombinu, Andrew Chenge, alijiuzulu baada ya kuripotiwa kuwa na zaidi ya dola milioni 1 katika kisiwa cha Jersey. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mkataba ulipotiwa sahihi. Alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakushtakiwa kwa jambo hilo. Neno "vijisenti", alilotumia kuzitaja, likawa la mitaani.

Februari 2010 kampuni ilikubali kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu: malipo ya wakala yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Haikukiri kutoa rushwa. Tarehe 21 Desemba 2010 mahakama ya Southwark, London, iliitoza faini ya pauni 500,000. Katika makubaliano ya pauni milioni 30, kiasi kilichobaki, yaani pauni milioni 29.5, kilipaswa kwenda kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania.

Chenji ya rada

Fedha hizo hazikufika upesi. Mwaka 2011 wabunge wa Tanzania walikwenda London kuzidai, na kamati ya bunge la Uingereza ikaihoji kampuni juu ya ucheleweshaji. Makubaliano ya kuzilipa kwa Serikali ya Tanzania yalifikiwa mwaka 2012. Watanzania waliziita "chenji ya rada". Zilielekezwa kwenye shule za msingi, kwa vitabu vya kiada na madawati. Kwa hiyo wanafunzi wengi walinufaika na fedha ambazo chanzo chake ni mkataba uliotiwa sahihi kabla hawajazaliwa.

Matokeo

Uingereza ilipitisha sheria mpya ya rushwa mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011. Chini yake kampuni inaweza kushtakiwa kwa kushindwa kuzuia rushwa inayotolewa kwa niaba yake, hata na wakala. Tanzania nayo ilikuwa imepitisha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Agosti 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada 4 za kiraia kwa shilingi bilioni 67.3. Rada hizo zilikuwa za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mitambo hiyo si ya aina moja na ile ya 1999 na teknolojia imebadilika, lakini kwa viwango vya fedha vya wakati huo rada zote 4 ziligharimu chini ya dola milioni 40.