Wimbo Hurejesha Pumzi Iliyokatika

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, askari na polisi walioko Rusizi hulinda mikutano ya maombolezo. Wilaya hii, Cyangugu ya zamani, ina ya kukumbuka: mwaka 1994 Watutsi waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka kwa kisingizio cha kulindwa walishuhudia wenzao wakitolewa humo na kuuawa.

Katika zamu hiyo si ajabu kumwona mtu akianguka ghafla, akihema kama anayezama. Wanyarwanda huuita msukosuko huo ihahamuka, neno litokanalo na kukatika pumzi kwa hofu. Waliolitunga waliona mbali, kwani hapo hapo kwenye pumzi ndipo wimbo unapofanya kazi. Aimbaye huvuta pumzi upesi na kuitoa polepole hadi mwisho wa mstari. Itolewapo hivyo, mapigo ya moyo hupungua na mwili hutulia. Akiimba na wenziwe, pumzi zao hufuatana. Wewe uliyekimbia mchakamchaka wajua, ndugu askari, jinsi wimbo ubebavyo kilomita ambazo miguu imekwisha kuzikataa.

Ukitoka Kamembe ukauvuka msitu wa Nyungwe, utafika Huye. Huko, mwaka 2004, Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma, katika nchi ambamo kwa desturi ngoma ilikuwa ya wanaume. Wajane na yatima wa mauaji walipiga bega kwa bega na wake za watu walioshiriki mauaji yale yale. Mmoja akichelewa, mdundo wote huharibika. Hivyo ilibidi wasikilizane.

Hata hivyo muziki hauna upande. Mwaka huo wa 1994 redio RTLM ilichanganya nyimbo na miito ya kuua, na wimbo uliosikika siku zile waweza leo kumwangusha aliyekuwa akipona. Ndiyo sababu wataalamu wa tiba hii, iliyoanza kufundishwa chuoni Marekani mwaka 1944 wakati wa vita, humsikiliza kwanza mgonjwa ajue wimbo upi wamfaa. Afande anayeamuru kikosi kiimbe ili kifurahi hatibu mtu. Anatoa amri tu.

Wala wimbo wa jioni kambini haumalizi kila jambo. Askari asiyepata usingizi kwa majuma, au anayeshtuka kila mlango ufungwapo, apelekwe hospitali, na apelekwe na rafiki yake, si kwa ripoti ya utovu wa nidhamu.