Kwa nini programu husubiri Enter? Safari ya kitufe kutoka kidoleni hadi ndani ya programu

Kijana mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitutumia ujumbe akiomba msaada. Amejifunza lugha ya C kwa kutumia simu yake tu, kupitia Termux, programu ya Android inayokupa skrini ya maandishi matupu ya kuandikia amri. Skrini ya aina hiyo huitwa terminali. Humo ameandika daftari la kikundi cha kuweka na kukopa cha mama yake.

Siku ya mkutano alimkabidhi mhazini simu ili achague jina la mwanachama kwa mshale wa juu. Jina halikusogea. Badala yake zikatokea alama hizi: ^[[A. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Na hela zetu nazo zimo humo humo?" Daftari la karatasi likarudishwa mezani.

Hela zilikuwa salama. Kilichokosekana ni maelewano kati ya kidole na programu, na hilo ndilo tunalolieleza leo.

Kuna karani katikati

Msikilizaji, fikiria menyu ya kutuma pesa kwenye simu yako. Unaandika 1, lakini hakuna kinachotokea mpaka ubonyeze "Tuma". Ukikosea, unafuta na kuandika upya. Sasa fikiria mchezo wa nyoka kwenye kitochi. Ukigusa kitufe tu, nyoka anageuka papo hapo. Hakuna cha "Tuma".

Terminali huanza kwa mtindo wa kwanza. Kati ya kibodi na programu yupo karani, ambaye ni sehemu ya mfumo endeshi wa simu au kompyuta. Karani huyu hukusanya herufi zako, huzionyesha kwenye skrini, hukuruhusu kuzifuta, na huikabidhi programu mstari mzima pale tu unapobonyeza Enter. Kwa hiyo amri ya kawaida ya C kama scanf haioni kitu mpaka Enter ifike.

Mshale ni herufi tatu

Jambo la pili lililomponza kijana wetu ni mshale wenyewe. Herufi "a" hufika kwenye programu ikiwa herufi moja, lakini mshale wa juu kwa kawaida hufika kama mfululizo wa herufi tatu: Escape, kisha [ au O, kisha A. Karani hajui kuwa huo ni mshale, hivyo anaziandika kama alivyozipokea. Ndiyo maana mhazini aliona ^[[A, na hizo ^[ mbili za mwanzo ni namna ya kuonyesha Escape.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kila kampuni ya terminali ilikuwa na mfululizo wake. Karibu na mwaka 1980, Ken Arnold wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza maktaba iitwayo curses ili mwandishi wa programu asihangaike na tofauti hizo. Maktaba kwa lugha ya watengeneza programu ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, wewe unazitumia tu. Toleo huru linalotumika sana leo, ncurses, lilianza kutolewa mwaka 1993, na hata kwenye Termux linapatikana bure.

Amri za kuanzia

Kwanza initscr, inayoiandaa skrini. Kisha cbreak, inayomwambia karani asisubiri Enter. Kisha noecho, inayomzuia kuandika kila herufi anayoipokea. Ya nne ni keypad(stdscr, TRUE). Hii ndiyo dawa ya kijana wetu, kwani inaiagiza maktaba izikusanye zile herufi tatu na kuzirudisha kama kitu kimoja kiitwacho KEY_UP. Baada ya hapo, getch inasoma kitufe kimoja kimoja.

Hapa kuna mtego. KEY_UP ni namba 259. Ukiihifadhi kwenye char, ambayo hubeba thamani 256 tu, namba hiyo hukatwa ikabaki 3, na programu haitautambua mshale kamwe. Jibu la getch lihifadhi kwenye int.

Usishangae pia ukibonyeza Escape peke yake na programu ikachelewa kidogo. Maktaba inangoja kuona kama kuna herufi nyingine zinafuata, na kwa kawaida hungoja hadi sekunde moja. Amri set_escdelay(25) hupunguza muda huo.

Panapohusu fedha, rudisha subira

Tulipokaa na kijana huyu na simu yake, mshale ulikubali kwa mstari mmoja wa keypad. Lakini tukagundua jambo zito zaidi. Kwa kuwa sasa kila kitufe kinafanya kazi papo hapo, kidole kikiteleza kwenye "lipa", malipo yanaandikwa bila kuulizwa.

Basi tukagawa kazi. Kuchagua jina ni kwa mshale, papo hapo. Kuandika kiasi ni kwa mtindo wa zamani: mhazini anaona tarakimu zake, anaweza kuzifuta, na hakuna kinachoandikwa mpaka abonyeze Enter. Kwa hilo tulitumia echo, kisha getnstr, ambayo huweka kikomo cha herufi zinazopokelewa. Jihadhari na getstr isiyo na kikomo, maana maandishi marefu yanaweza kufurika na kuharibu data nyingine. Mwisho programu inauliza: "Una uhakika? N kwa ndiyo, H kwa hapana."

Rudisha ulivyokuta

Kabla ya kutoka, programu lazima iite endwin, ili karani arudi kwenye utaratibu wake wa kawaida. Programu ikikatika njiani bila kufanya hivyo, terminali inaweza kubaki kimya: unaandika na huoni herufi. Usizime simu. Andika reset bila kujali kwamba huioni, kisha bonyeza Enter.

Ukitaka kujaribu, andika kwenye Termux: pkg install clang ncurses. Programu yako ikiwa kwenye faili daftari.c, itengeneze kwa clang daftari.c -o daftari -lncurses, kisha iendeshe kwa ./daftari. Mishale utaikuta kwenye safu ya vitufe iliyo juu ya kibodi.

Mkutano uliofuata, mhazini alisogeza majina mwenyewe, akaandika kiasi, akafuta tarakimu moja aliyokosea, ndipo akabonyeza Enter. Daftari la karatasi bado lipo mezani, na kikundi kimeamua yote mawili yaandikwe kwa sasa. Kwa fedha za watu, nasi tunaona ni uamuzi wa busara.