RANGI ZA MAABARA NA MGONJWA WA KISIWANI

Mwananchi anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi hushauriwa apeleke makohozi yake kupimwa. Huyakabidhi, akarudi kwake, na yanayofuata hayaoni. Tumeona inafaa leo kueleza nini hasa hutendeka ndani ya mashine iitwayo GeneXpert, kwani wengi huisikia kwa jina tu, na miongoni mwa hao wamo wenye dhamana ya kuidhinishia fedha.

Zipo rangi ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa buluu hazirejeshi buluu ile ile, bali hutoa mwanga wa kijani. Nyengine hutoa manjano au nyekundu. Ukizifunga rangi mbili za namna hiyo katika uzi mmoja wa DNA, hakuna tena iliyo huru. Ya kwanza, badala ya kutoa mwanga wake, huweza kuikabidhi jirani yake nguvu iliyoipokea, na jirani ndiye anayeng'ara. Jirani huyo akiwa ni wa aina ya kuzima, nguvu yote hugeuka joto, likabaki giza. Wala hapana mwanga unaosafiri baina yao. Wapiga udi wetu wa taarabu wanalijua jambo linalofanana na hili: nyuzi mbili zikiwa zimelinganishwa sauti, ukiupiga mmoja, wa pili hutetemeka bila ya kuguswa.

Mjerumani Theodor Förster aliitolea hesabu siri hiyo mwaka 1948. Hesabu yenyewe ni kali: umbali ukizidi mara mbili, kasi ya kupokezana nguvu hupungua mara 64. Kwa hiyo rangi husemezana zikiwa karibu mno, baina ya nanomita 1 na 10, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Herufi za DNA zimepangika kwa nafasi ya nanomita 0.34, basi mwendo wa herufi ishirini tu unatosha kuubadilisha mwanga. Mwaka 1967, Lubert Stryer na Richard Haugland wa Marekani walithibitisha kuwa mabadiliko hayo yanaweza kutumika kama rula ya kupimia vitu visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida.

Kutoka kwenye rula ikaja taa. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, wakiwa New York, walitengeneza kipande cha DNA kilichojikunja mfano wa kibanio cha nywele. Ncha moja ina rangi, ya pili ina kizimaji, na kikiwa kimejikunja ncha hizo hugusana, nuru haionekani. Kikikutana na uzi wa DNA unaolingana nacho herufi kwa herufi, hujinyoosha na kuushika, ncha zikaachana, rangi ikawaka.

Toleo la awali la kipimo cha kifua kikuu cha GeneXpert, lililoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Disemba 2010, lilitia vibanio vitano vya rangi mbali mbali. Vyote viligawana kipande kimoja cha herufi 81 katika kinasaba cha bakteria, mahali ambapo dawa ya rifampisini hushindwa nguvu herufi zikibadilika. Mashine huinakili DNA tena na tena, huku ikitazama taa zipi zinawaka. Zikiwaka zote kwa wakati mmoja, ugonjwa upo na dawa itafaa. Moja ikibaki kiza na nyengine zikiwaka, ugonjwa upo na dawa hiyo haitafaa. Hapo ndipo penye ustadi, kwani taa isiyowaka ndiyo inayomtahadharisha daktari. Toleo la Ultra lililofuata mwaka 2017 hutazama pia ni katika joto gani vibanio huachia, lakini msingi ni ule ule. Jibu hupatikana kwa takriban saa mbili, ambapo kuotesha vijidudu maabara huchukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgonjwa mwenye kifua kikuu sugu huendelea kula dawa isiyomfaa, na huendelea kukohoa nyumbani mwake.

Sasa tuje kwetu. Katriji za kipimo hiki hutakiwa kuhifadhiwa baina ya nyuzi joto 2 na 28. Kila mwenye kuishi visiwani anajua mchana wa Februari ulivyo. Vyumba vya mashine hutakiwa kusawazishwa upya kila mwaka, kwani jicho linalosoma rangi likipotoka, jibu nalo hupotoka. Na umeme hautakiwi kukatika katikati ya kazi. Hatujasahau jinsi kisiwa cha Unguja kilivyokaa kiza tangu Disemba 2009, kwa takriban miezi mitatu.

Kwa maoni yetu, bajeti inayotaja bei ya mashine peke yake haijakamilika. Fungu la kusawazisha, la betri za akiba na la ghala lenye ubaridi liandikwe katika ukurasa ule ule, kwa jina lake na kwa kila mwaka. Na liandikwe pia fungu la nauli ya chombo, ili makohozi ya mgonjwa wa Kojani au Tumbatu yavuke siku ile ile aliyoyatoa, na jibu lake lirudi kabla hajaanza dozi.