Leza tatu, mwale mmoja: Jinsi vioo vya daikroiki vinavyopangwa kwenye projekta ya kujitengenezea

Projekta ya leza inapochora herufi nyeupe ukutani, hakuna leza nyeupe ndani yake. Kuna leza tatu, nyekundu, kijani na bluu, na miale yake imelazwa kwenye njia moja kiasi kwamba jicho haliwezi kuitenganisha.

Kwa anayenunua projekta iliyo tayari, kazi hiyo imeshafanyika kiwandani. Kwa anayejitengenezea nyumbani, hapo ndipo penye shughuli. Miale ikiachana kidogo tu, herufi moja nyeupe inageuka herufi tatu za rangi tatu. Na fundi akiipanga bila tahadhari, anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Kwa nini leza tatu?

Leza ya kwanza duniani, iliyowashwa na Theodore Maiman huko California Mei 16, 1960, ilitoa mwanga mwekundu tu. Hadi leo daiodi moja ya leza hutoa rangi moja.

Kwenye projekta nyingi za kujitengenezea, leza nyekundu ina urefu wa wimbi wa nanometa 638 hivi, kijani 520 au 532, na bluu karibu 450. Zikifika kwenye jicho pamoja kwa viwango vinavyofaa, ubongo unasoma nyeupe. Ukizima bluu, nyekundu na kijani zinaonekana njano.

Kioo kinachochagua rangi

Kioo cha kawaida hakiwezi kuunganisha miale hii. Ukikiweka ili kielekeze mwale wa kijani kwenye njia ya mwekundu, ule mwekundu unazibwa nyuma yake.

Kioo cha daikroiki kinatatua tatizo hilo. Ni kipande cha glasi kilichopakwa tabaka nyingi nyembamba mno, nyingi zikiwa na unene wa takriban robo ya urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaorudi kutoka tabaka moja hukutana na unaorudi kutoka nyingine. Rangi ambayo mawimbi yake yanasaidiana hurudishwa, na nyingine hupita moja kwa moja. Ni kanuni ileile inayoyafanya mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji yaonekane ya rangi rangi.

Mpangilio mmoja unaotumika sana uko hivi: mwale mwekundu unakwenda moja kwa moja. Kioo cha kwanza cha daikroiki kinapitisha nyekundu na kurudisha kijani. Cha pili kinapitisha nyekundu na kijani, kisha kinarudisha bluu. Baada ya hapo inabaki njia moja, inayoelekea kwenye vioo viwili vidogo vinavyochezacheza kwa kasi ili kuchora picha.

Vioo hivi vina masharti yake. Vingi vya kazi hii vimetengenezwa vikae nyuzi 45, na ukivilaza zaidi ya hapo, rangi zinazorudishwa na kupitishwa hubadilika. Upande uliopakwa unapaswa kuutazama mwale unaorudishwa. Ukigeuzwa, mwale hupita kwanza ndani ya glasi na nukta ya pili hafifu huweza kujitokeza pembeni.

Kukutana si kwenda pamoja

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nukta mbili zinaweza kugusana kabisa ukutani na bado miale isiwe kwenye njia moja. Ni kama barabara mbili zinazokatana kwenye makutano, kisha kila moja inashika njia yake. Ukisogeza projekta nyuma mita tano, nukta zinaachana.

Sababu ni kwamba kuna makosa mawili tofauti: mahali mwale unapopita, na pembe unayoelekea. Ili miale miwili iwe kitu kimoja, yote mawili lazima yawe sawa.

Pembe inahitaji mkono mwepesi. Tofauti ya miliradiani moja huzaa milimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 1 kwenye ukuta ulio mita 10. Tena kioo huongeza kosa mara mbili, kwa kuwa kikiinama kiasi fulani, mwale unaorudi hugeuka mara mbili ya hapo.

Chukua skrubu ya kawaida ya M3, ambayo husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja. Ikiwa iko milimita 25 kutoka sehemu kioo kinapoegemea, mzunguko huo mmoja unahamisha nukta kwa takriban sentimita 40 kwenye ukuta wa mita 10. Ndiyo maana bisibisi huzungushwa kidogo sana, karibu bila kuonekana.

Kabla ya kuwasha

Kwa viwango vya kimataifa, leza yenye nguvu kati ya miliwati 5 na 500 huwekwa daraja la 3B, na inayozidi hapo ni daraja la 4. Projekta nyingi za kujitengenezea ziko humo. Kupepesa jicho kunasaidia kwa leza isiyozidi miliwati 1. Kwa hizi kubwa, madhara kwenye retina hutokea kabla kope halijashuka, na kidonda hicho kinaweza kuwa cha kudumu.

Wakati wa kupanga vioo ndio wa hatari zaidi, maana kifuniko kiko wazi, mikono iko ndani na miale inahamahama. Kwa hiyo mambo haya si ya hiari:

• Leza huwashwa kwa nguvu ndogo kabisa inayoruhusu nukta kuonekana.

• Saa, pete na bisibisi inayong'aa hukaa mbali na njia ya mwale.

• Mwale hubaki chini ya usawa wa macho na kuishia kwenye ubao mweusi usiong'aa. Hakuna kuinama kuchungulia njia yake.

• Miwani ya kujikinga huchaguliwa kwa urefu wa wimbi. Ile ya rangi ya chungwa inayozuia bluu na kijani huweza kuipitisha nyekundu kama kawaida. Miwani ya jua haizuii kitu.

Miwani ikificha nukta, kamera ya simu iliyosimamishwa pembeni inaweza kuonyesha nukta hizo kwenye skrini. Mwale wenyewe usiiguse kamera, utaiunguza.

Karibu kwanza, mbali baadaye

Vioo vyote huwekwa mahali pake kabla ya kuanza, kwa sababu glasi yenye unene wa milimita 1 ikiwa nyuzi 45 huusogeza mwale unaoipita kwa theluthi ya milimita hivi. Kuongeza kioo baadaye ni kuharibu kazi iliyokwisha.

Mwale mwekundu unachukuliwa kuwa rula na hauguswi tena. Mwale wa kijani unapewa vioo viwili vya kurekebisha: cha kawaida karibu na leza yake, kisha cha daikroiki.

Kinachofuata ni kazi ya zamu. Karatasi inawekwa karibu, mara tu baada ya kioo cha daikroiki. Hapo nukta ya kijani inaletwa juu ya nyekundu kwa kurekebisha kioo cha kawaida. Halafu karatasi inaondolewa na nukta zinatazamwa ukutani, mbali iwezekanavyo. Huko zinalinganishwa kwa kurekebisha kioo cha daikroiki peke yake.

Ukirudi karibu, nukta zitakuwa zimeachana kidogo, ila chini ya mwanzo. Zamu inarudiwa, na kila mara kosa linapungua mpaka nukta zibaki pamoja karibu na mbali. Mantiki yake ni nyepesi: kioo cha daikroiki kiko jirani na karatasi ya karibu, hivyo kukiinamisha hakuhamishi sana nukta ya hapo, wakati ukutani kunaihamisha mno.

Anayebadilisha zamu hiyo, akarekebisha karibu kwa daikroiki na mbali kwa kioo cha kawaida, atazunguka siku nzima huku kosa likikua. Kijani ikikaa sawa, bluu inafuata kwa njia hiyohiyo.

Je, imekaa sawa?

Nukta za leza tatu mara nyingi hazifanani kwa umbo. Nyekundu yenye nguvu huwa pana au kama mstari, kwa hiyo kinacholinganishwa ni katikati ya nukta, si kingo.

Joto nalo lina lake. Alumini hutanuka na gundi huvuta inapokauka, hivyo vipimo vya mwisho huchukuliwa baada ya projekta kuwaka kwa muda, na tena siku inayofuata.

Kipimo chenyewe ni duara jeupe lililochorwa ukutani. Mstari ukiwa mweupe pande zote, kazi imekwisha. Ukiwa na ukingo wa kijani upande mmoja na wa majenta upande wa pili, mwale wa kijani bado uko pembeni, na zamu ya karibu na mbali inaanza tena.