Maua ya Jamii ya Alizeti: Pakiti Yaogopa Baridi, Mbale Adui ni Maji

Mfanyakazi anayenunua pakiti ya mbegu za maua hulipa fedha aliyoitolea jasho, na mara nyingi hapati ua hata moja. Wenzetu wa Namakwekwe, Mbale, wametuuliza sababu, hasa kuhusu maua yale yenye kitovu cha mviringo na petali zilizotanda kama miale ya jua: zinia, kosmosi, marigoldi, gazania na jerbera. Jibu letu ni kwamba mara nyingi mbegu si mbovu. Maagizo ndiyo hayatufai.

Pakiti nyingi zimeandikiwa mkulima wa Ulaya. Humwambia apande ndani ya nyumba mwezi wa Machi, asitoe miche nje mpaka mwisho wa Mei, sakitu ikisha kwisha. Sakitu ni ule umande unaoganda kuwa barafu usiku, na usiku mmoja wa namna hiyo waweza kuua kitalu kizima. Maua haya hayakutoka Ulaya. Zinia, kosmosi na marigoldi asili yake ni Meksiko. Gazania na jerbera ni za Afrika Kusini. Kule kwa wazungu yanahesabiwa kuwa dhaifu kwa sababu ni wageni wa nchi za joto. Mji wa Mbale uko kiasi cha mita 1,150 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta, na sakitu hatuijui. Basi habari ya baridi katika pakiti tuiache ilivyo.

Kwetu ni maji yanayoua. Miche ikiwa bado na majani mawili, kitalu kikilowa mno, shingo ya mche hulegea penye udongo, ikageuka nyeusi, ukaanguka. Ugonjwa huu ni kinyausi. Jioni kitalu ni kizima, asubuhi nusu imelala. Dawa yake ni kuuzuia: inua tuta, changanya mchanga na mboji iliyooza sawasawa, tawanya mbegu mbalimbali, mwagilia asubuhi wala si jioni, na uezeke kichanja chepesi cha nyasi kuvunja nguvu ya matone. Mwenye kupanda katika makopo ayatoboe chini. Tena tunasisitiza, kopo lililokuwa na dawa ya wadudu lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi, watoto hulichezea.

Majira nayo yana maana. Kosmosi na marigoldi zipandwe mvua za Machi zinapoanza. Zinia ingoje mwisho wa Mei, mvua kubwa zikipungua, kwani majani yake hushikwa upesi na madoa ya ukungu na ubwiri unga. Iwe na nafasi ya upepo kupita, na maji yamwagwe shinani tu. Gazania hupenda jua kali na udongo usiotuama maji. Siku ya mawingu hufunga petali zake, msidhani inakufa. Jerbera isizikwe kina kirefu. Kile kitovu cha majani kikifunikwa na udongo huoza.

Wala msichimbe matuta kwenye kingo za mito. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Nyasi za ukingoni zinashika udongo, ziachwe.

Jambo la pili ambalo pakiti halisemi ni urefu wa siku. Ulaya mchana wa Juni ni mrefu sana, na kosmosi hungoja siku zifupike ndipo ichanue vizuri. Hapa mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo huanza kuchanua ikingali fupi. Usiiongezee samadi ukidhani ina njaa. Utapata majani tele na maua machache. Kata ncha ya mche ukifika kimo cha shubiri moja, itoe matawi.

Marigoldi ina faida nyingine kwa mwenye kabustani ka nyanya. Mizizi yake hutoa kemikali inayopunguza minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi ya nyanya ivimbe vinundu. Lakini mashina mawili matatu pembeni ni pambo tu. Yafaa tuta lote lijazwe marigoldi kwa miezi miwili au mitatu, kisha nyanya zifuate.

Wengine wameuliza pareto, ambayo nayo ni ya jamii hii na huleta fedha. Pareto inataka usiku wa baridi ili itoe machipukizi ya maua, ndiyo maana Kenya huilima nyanda za juu kama Molo. Namakwekwe itaota majani mazuri, na maua ya kuuza hayatapatikana.

Mwisho ni mbegu za msimu ujao. Vichwa vya kosmosi na zinia vikikauka juu ya shina, vichumwe siku ya jua na kuwekwa katika bahasha ya karatasi. Zile za chotara hazirudii sura ya mama. Mbegu ya jerbera hupoteza nguvu upesi, afadhali kugawa shina kubwa, kila kipande kiwe na mizizi yake, na kumpa jirani kimoja.