Raha ya kisiwani bila kutoboa mfuko

DESEMBA inapokaribia, mazungumzo ya wakazi wa Ngoingwa, mtaa unaozidi kupanuka kandokando ya barabara ya Thika kuelekea Mang'u, huelekea upande mmoja: nani anashuka Pwani na nani anabaki. Aghalabu jibu huamuliwa na mfuko. Wapo wanaochukua mikopo ya simu ili watoto wao nao waione bahari, kisha Januari, mwezi ambao Wakenya wameubandika jina la Njaanuari, huwakuta wakidaiwa karo, kodi ya nyumba na riba kwa pamoja.

Chanzo kimoja cha mzigo huo ni dhana kwamba kisiwa ni mali ya hoteli, na kwamba asiyelala hotelini hajafika. Dhana hiyo imejengwa na matangazo ya biashara ya utalii, na imekita mizizi hasa miongoni mwa watu wa bara. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayowavuta wageni kutoka Ulaya hadi Mombasa na Lamu haina kiingilio. Bahari haina tikiti. Vichochoro vya mji wa kale havina lango. Upepo wa kaskazi haumuulizi mtu risiti.

Ni kweli kwamba nauli haikwepeki. Kutoka Ngoingwa mtu hulipa matatu hadi mjini Thika, kisha nyingine hadi Nairobi, na huko achague basi au reli ya kisasa. Treni ya abiria ilipoanza safari mwaka 2017, tikiti ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa iliuzwa Sh700. Baadaye bei ikawa Sh1,000, na Januari 2024 ikapandishwa hadi Sh1,500. Kwa familia ya watu watano, hizo ni Sh15,000 kwenda na kurudi, kabla ya kula hata andazi. Ndiyo maana ni muhimu kujua ni yapi ambayo hayahitaji kulipiwa mtu akishafika.

Tuanze na Mombasa. Wengi wanaoitembelea husahau kuwa wamo kisiwani, kwa kuwa daraja la Nyali na barabara ya Makupa huwavusha bila wao kuhisi kwamba wamevuka maji. Upande wa kusini ndiko kisiwa hujidhihirisha. Huko watu huvuka kwa feri ya Likoni, na mtembea kwa miguu halipi chochote. Kwa mkazi wa Likoni anayewahi kazini, kivuko hicho ni adha ya kila siku. Kwa mtoto wa Ngoingwa ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya maporomoko ya Chania, ni safari ya baharini iliyo kamili, na anaweza kuirudia mara tatu ikiwa wazazi wake wana subira.

Si mbali na hapo kuna bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, inayobeba jina la mke wa rais wa kwanza wa taifa, jina ambalo watu wa Kiambu hawahitaji kuelezwa. Eneo hilo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, mwaka ambao pia lilikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Mashujaa. Limekaa juu ya genge linaloangalia mlango wa bandari ya Kilindini. Hapo ndipo meli za makontena, nyingine zikiwa na urefu wa zaidi ya mita 200, hupita karibu kiasi kwamba mabaharia walio juu ya sitaha huonekana kwa macho matupu. Feri husimama kuzipisha. Hakuna sinema inayoshinda hilo. Anayetaka kutafuna kitu akitazama atapata mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu, au dafu, kwa pesa chache, asiyetaka hafukuzwi.

Kutoka mapembe makubwa ya Barabara ya Moi, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza, mtu mwenye viatu imara anaweza kutembea hadi Mji wa Kale. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuorodheshwa na Unesco mwaka 2011, hutoza kiingilio. Lakini kuta zake za mawe ya matumbawe huonekana vyema kutoka nje, na anayezizunguka ataelewa ni kwa nini Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Nyuma ya ngome kuna barabara ya Ndia Kuu, milango ya nakshi, roshani za mbao na msikiti wa Mandhry, ambao asili yake hutajwa kuwa takriban mwaka 1570. Jioni muuza kahawa chungu hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Kumsikiliza ni bure. Kikombe chenyewe ni bei ya peremende.

Hapa kuna jambo ambalo wageni kutoka bara hulipuuza, nalo ni maamkizi. Nyumba za Waswahili wa kale zilijengwa na baraza za mawe mbele ya mlango, ili mwenye nyumba aweze kukaa na wapita njia bila kuwaingiza ndani kwenye sitara ya familia. Lamu, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti hivyo huitwa daka. Kwa maneno mengine, usanifu wenyewe ulitenga mahali pa mgeni asiyenunua kitu. Anayepita akisema "Salaam aleikum" au kumwambia mzee "Shikamoo" aghalabu ataitikiwa, ataulizwa atokako, na huenda akaambiwa habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha watalii. Anayepita akielekeza kamera kwenye nyuso za akina mama bila kuomba ruhusa atafungiwa mlango, na ana bahati akiishia hapo. Mavazi ya ufuoni nayo hubaki ufuoni. Mwezi wa Ramadhani, si adabu kula hadharani mchana katika mitaa hiyo.

Kuhusu malazi, wengi hutegemea jamaa wanaofanya kazi Mombasa, na hapo ndipo neno "bure" linapohitaji kupimwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chumba kimoja cha kupanga Kisauni au Changamwe kikipokea watu watano kwa wiki nzima, gharama haijatoweka; imehamishiwa kwa mwenyeji, ambaye hununua maji kwa mitungi na hana ujasiri wa kusema. Gunia la viazi au maparachichi kutoka Thika, pamoja na mchango wa unga na umeme, bado ni nafuu kuliko hoteli, na huacha mlango wazi kwa mwaka ujao.

Lipo pia suala la sheria. Kisiwa cha Mombasa chenyewe hakina fuo nyingi za mchanga, kwa kuwa sehemu kubwa ya kingo zake ni magenge na mikoko. Waogeleaji huvuka kwenda Nyali, Bamburi au Shelly, na huko hukutana na kuta za hoteli na majumba ya kifahari. Baadhi hugeuka na kurudi, wakiamini kwamba mchanga ulio mbele ya hoteli ni wa hoteli. Imani hiyo ni potovu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mlinzi wa hoteli anaweza kumkataza mtu kukalia kiti cha hoteli. Hana mamlaka ya kumwondoa kwenye mchanga uliolowa.

Hata hivyo, kuwa na haki ya mchanga si sawa na kuwa na njia ya kuufikia. Ufuo unaweza kuwa wa umma kikatiba huku kila kipande cha ardhi kati yake na barabara kikiwa na hatimiliki. Vichochoro vya kwenda baharini vilivyoachwa kati ya viwanja ndivyo vinavyoipa haki hiyo maana, na ndivyo ambavyo vimekuwa vikizibwa kwa ua na mageti mwaka baada ya mwaka. Kila kimoja kinapofungwa, mvuvi hupoteza pa kupitisha mashua yake, naye mtu wa Ngoingwa hupoteza likizo isiyo na malipo. Kichochoro kisichotumika ndicho rahisi zaidi kunyakuliwa.

Jingine ambalo ni bure, na ambalo kutolijua kumewagharimu watu maisha, ni elimu ya maji. Kijana aliyejifunza kuogelea katika mito ya Thika hudhani ameiweza bahari. Mto una mwelekeo mmoja. Bahari hubadilisha mwelekeo mara nne kwa siku. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, ambapo tofauti hupungua. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Hivyo basi, anayetazama mwezi usiku anaweza kukadiria bahari itakavyokuwa kesho bila kuuliza mtu.

Maji yanapopwa hutoka kwa kasi kupitia mianya ya miamba ya matumbawe, na hapo ndipo mkondo unapombeba mtu kuelekea kilindini. Asishindane nao. Aelee, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke katika mkondo, ndipo arejee. Mbali na hayo, asiyejua kuogelea asipite kimo cha kiuno, na watoto wasiachwe kwa kaka yao wa miaka 12.

Aliye na nauli ya ziada na siku za kutosha huendelea hadi Lamu, ambako kutotumia pesa ni rahisi zaidi kwa sababu ambayo haikupangwa na mtu yeyote: karibu hakuna magari. Kila mahali hufikiwa kwa miguu, na mizigo hubebwa na punda, ambao wamekuwa na kituo chao cha matibabu ya bure mjini humo tangu mwaka 1987. Mji huo, uliokaliwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, uliingizwa katika orodha ya Unesco mwaka 2001. Barabara yake kuu, Usita wa Mui kwa Kiamu, ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena hupishana kwa mazungumzo. Mbele ya ngome iliyokamilishwa mnamo 1821, na iliyotumika kama jela hadi 1984, kuna uwanja wa Mkunguni. Wazee hukaa hapo kutwa, na mgeni mwenye adabu hapangiwi muda wa kuondoka.

Anayeweza kuchagua wakati aende mwezi wa Mfungo Sita. Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, huwakutanisha watu kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, na matari, kasida na maandamano hayauzwi. Tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa Novemba, huwa na mbio za punda na mashindano ya majahazi, na jukwaa la watazamaji ni ukuta wa bandari.

Ufuo wa Shela, wenye urefu wa takriban kilomita 12, ndio hazina kubwa. Machuguu ya mchanga nyuma yake si pambo tu. Huyanyonya maji ya mvua na kuyahifadhi, na visima vya mji wa Lamu huteka humo. Kwa hiyo wenyeji huchukia kuona yakijengwa au kuchimbwa, nao wageni hawana budi kutoacha takataka juu yake. Kwenye ufuo huohuo, takriban mwaka 1812, watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na Mombasa. Masimulizi yanasema kwamba walioshindwa walikimbilia mashua zao wakazikuta zimekaa juu ya mchanga, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa.

Njia ya kwenda huko kwa miguu kutoka mjini ni mwendo wa chini ya saa moja, ukifuata ukingo wa bahari. Hupitika vyema wakati wa kupwa. Maji yakishajaa hufika hadi kwenye kuta, na aliyechelewa Shela hulazimika ama kukesha akiyangoja, ama kupanda boti na kulipa.