Taa ya Tangi la Samaki: Biashara Ndogo Inayosubiri Bonde la Kilombero

Mwaka 2002 wanasayansi watatu, Wildekamp, Watters na Sainthouse, walichapisha maelezo ya aina mbili za samaki ambazo sayansi haikuwa imezipa jina: Nothobranchius kilomberoensis na Nothobranchius geminus. Aina zote mbili zinatoka bonde la mto Kilombero. Ni samaki wadogo wa urefu wa kidole, dume akiwa na rangi ya kung'aa, na makazi yao ni madimbwi ya masika yanayokauka kabisa kiangazi. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya tope yakisubiri mvua inayofuata. Kwa sababu hiyo wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai ya jamii hii kwa posta, yakiwa kwenye mboji yenye unyevunyevu ndani ya kifuko cha plastiki. Mwaka huohuo wa 2002 bonde letu liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 7,900.

Samaki wa Kilombero, basi, wana wateja mbali na Kilombero. Ifakara kwenyewe, na zaidi huko Mlimba na Masagati, tangi la samaki wa mapambo bado ni kitu cha mtu mmoja mmoja. Fundi vioo na aluminiamu analigandisha kwa silikoni, duka la vifaa vya umeme linatoa taa, na mwenye tangi anatafuta mimea mwenyewe. Kioo hakina shida. Fedha nyingi hupotea kwenye taa.

Tatizo linaanzia kwenye boksi. Wati huandikwa kwa herufi kubwa, na mnunuzi huchagua kwa wati. Lakini wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya waya ilitoa lumeni 12 hadi 15 kwa kila wati. LED nzuri hutoa 80 hadi 120, na LED mbovu ya wati zilezile huweza kutoa nusu ya hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: hii ina lumeni ngapi? Kama boksi halisemi, mnunuzi hana njia ya kujua analipia nini.

Tuchukue tangi la kawaida: urefu sentimita 60, upana 30, kina 30. Likijazwa hadi juu linabeba lita 54. Kanuni ya mkono wanayoifuata wafugaji wengi ni lumeni 10 hadi 20 kwa lita kwa mimea mivumilivu, 20 hadi 40 kwa mimea ya kati, na kuzidi hapo kwa tangi linalopulizwa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo hatuna, na kwa tangi la sebuleni hatuihitaji. Lumeni 1,000 hivi zinatosha kwa lita 54. Hizo hutoka kwenye LED nzuri ya wati 10 au 12, yaani balbu ya kawaida inayouzwa dukani kwa ajili ya chumba cha kulala.

Ndiyo maana sioni haja ya mtu wa Ifakara kuagiza taa maalumu ya akwaria. Taa hizo ni nzuri, nyingine zina rimoti na rangi za machweo, lakini jani la mmea halisomi jina la kampuni. Linahitaji mwanga kati ya nanomita 400 na 700, na LED nyeupe inautoa. Ndani ya kila LED nyeupe ya kawaida kuna kijiwe kinachotoa mwanga wa buluu, kimefunikwa kwa unga wa manjano unaougeuza mwanga huo kuwa mweupe. Ugunduzi wa LED ya buluu ndio uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Chagua iliyoandikwa 6500K, mwanga unaofanana na wa mchana. Ya 2700K huyafanya maji yaonekane kama chai. Taa za zambarau zinazouzwa kama taa za mimea zitaotesha mimea, ila zitaiua rangi ya samaki, na samaki ndiye aliyekufanya ununue tangi. Kama boksi linaonyesha Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, tafuta 80 kwenda juu. Dume mwekundu chini ya taa yenye Ra ndogo huonekana kahawia.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni kuzidisha mwanga. Mmea usiopata kaboni ya kutosha majini hauwezi kuutumia mwanga wa ziada, na nafasi hiyo huchukuliwa na mwani. Kioo kinageuka kijani, majani yanavaa nyuzinyuzi, mwenye tangi anadhani taa haitoshi na anaongeza nyingine. Dawa yake ni muda. Saa saba kwa siku zinatosha, tuseme kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku, zikisimamiwa na taima ya kuchomeka ukutani. Samaki wa madimbwi wenyewe hawapendi mwanga mkali. Maji ya kwao ni ya tope na majani. Azola au yungiyungi dogo juu ya maji huwapa kivuli.

Umeme wenyewe si mzigo. Taa ya wati 12 kwa saa saba inakula wati-saa 84, ambazo kwa mwezi ni kama uniti mbili na nusu za LUKU. Hata mteja wa D1, ambaye hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, hatatikiswa na hilo. Na kwa joto la Ifakara LED ina faida nyingine juu ya tubulaiti: haiyapashi maji joto sana.

Masagati hesabu ni tofauti, kwa sababu nyumba nyingi za vijiji vya mbali huendeshwa kwa sola. Hapo balbu ya volti 230 inayopitia inveta ni upotevu, kwa kuwa inveta nayo inakula betri. Bora mkanda wa LED wa volti 12, uliofunikwa kwa silikoni wenye alama ya IP65 au zaidi, uunganishwe kwenye tundu la mzigo la kidhibiti chaji. Wati 10 kwa saa saba ni kama ampea-saa sita. Betri ya risasi ya ampea-saa 18 itazibeba bila kushuka chini ya nusu, na paneli ya wati 30 hadi 50 itazirudisha siku ya jua. Volti 12 juu ya maji pia ni salama kuliko volti 230. Anayetumia umeme wa gridi aache waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni.

Kuhamia LED na kuipima kwa matokeo yake si jambo geni nchini. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria walizoea karabai na mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli, na karabai ikazidi kuwa ghali. Taa za LED za betri zimeingia kwenye mitumbwi, na mvuvi amejifunza kuzipima kwa dagaa wanaokusanyika, kwa kuwa ndiko fedha yake iliko.

Bondeni mteja wa tangi ni nani? Nyumba za wageni za Ifakara, hoteli za Mang'ula zinazopokea watalii wa Hifadhi ya Udzungwa, zahanati na ofisi zenye vyumba vya kusubiria. Huko taa inahitajika. Lakini kijana anayetaka kuzalisha samaki na mayai asinunue taa hata moja. Tuko nyuzi kama nane kusini mwa ikweta, mchana wetu haupungui sana mwaka mzima, na ndoo kubwa chini ya mwembe ina mwanga wa kutosha. Ahakikishe tu kila ndoo ina samaki, maana ndoo ya maji isiyo na samaki hapa kwetu inazalisha mbu.

Samaki wa porini wana sheria yao. Kabla ya kuvua kwa ajili ya kuuza, na hasa kabla ya kusafirisha nje, muone afisa uvuvi wa wilaya akueleze vibali vinavyotakiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Mimea na samaki walionunuliwa mjini wasimwagwe mtoni. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria likitokea mbali, na mpaka leo halijatoka.

Wenye maduka ya umeme Ifakara, wekeni rafu moja: balbu ya 6500K yenye lumeni zilizoandikwa na alama ya ubora ya TBS, mkanda wa volti 12 usioingia maji, na taima. Vitu hivyo vitatu vinatosha kumhudumia mwenye tangi yeyote kuanzia Kidatu hadi Masagati.